Nuru na Waharibifu Katika Tangi Dogo la Matumbawe

Mkasa wenyewe huanza kwa jambo dogo. Mfugaji wa matumbawe, aghalabu katika mji wa Ulaya au wa Amerika ulio mbali na bahari ya joto, ainama jioni mbele ya tangi lake la kioo. Juu ya jiwe aliloliweka majuma machache yaliyopita aona kitu kama ua la rangi ya kahawia, kisichozidi ukucha wa kidole kwa ukubwa. Minyiri yake inayumba pamoja na mkondo wa maji, nacho chapendeza kutazamwa. Baada ya siku chache tumbawe lililo karibu nacho limejikunja, na upande mmoja wa nyama yake umekufa. Mfugaji achukua kisu, akwangua hata jiwe likawa safi, naye aridhika. Mwezi haujapita sana, jiwe lile lile limejaa maua ya kahawia tele.

Kitu hicho si ua. Ni mnyama wa jamii ya anemoni wa baharini, ambao ni ndugu wa matumbawe na wa yavuyavu, na jina lake la kisayansi ni Aiptasia. Mfugaji hakushindwa kwa uvivu. Alishindwa kwa sababu alipigana na mnyama ambaye maisha yake hakuyajua. Kila kipande kidogo cha wayo wa Aiptasia kinachobaki juu ya jiwe chaweza kukua kuwa mnyama kamili. Kisu, badala ya kuwaua, kiliwazidisha.

Tangi dogo la matumbawe ni darasa zuri la biolojia, kwani makosa yanayofanywa ndani yake huonekana upesi. Fundisho lake kubwa ni kwamba nuru na waharibifu si mambo mawili mbalimbali. Nuru inayoyalisha matumbawe ndiyo inayowalisha adui zao wengi, na dawa inayomwua adui aghalabu humwua mwenyeji pia. Anayetaka kushinda hana budi kuelewa kwanza nani anakula nini.

Bahari ndani ya ndoo chache

Ufugaji wa samaki wa baharini katika vioo si jambo jipya. Jengo la kwanza la kuonyesha viumbe wa majini kwa umma lilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London mwaka 1853. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye matumbawe hai yaliwashinda wafugaji wengi. Yaliishi majuma machache kisha yakafa. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mfugaji wa Jakarta nchini Indonesia, alieleza katika gazeti la wafugaji la Marekani namna alivyoyaweka hai kwa kutumia mawe yaliyotoka baharini pamoja na viumbe vyake, mapovu ya hewa, na mwanga wa jua. Baadaye wafugaji wa Berlin nchini Ujerumani waliunganisha mawe hayo hai na taa zenye nguvu nyingi na vyombo vinavyoondoa uchafu kwa mapovu. Njia hiyo ikaenea duniani.

Ugumu wa tangi dogo watokana na udogo wenyewe. Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 35. Ujazo wake ni lita 73.5. Ukiondoa mawe, mchanga na nafasi iliyoachwa juu, maji yanayobaki hukaribia lita 60. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Kwa hiyo tangi hili lina gramu 2,100 za chumvi. Ikiwa lita 4 zitageuka mvuke katika siku chache chini ya taa kali, chumvi haiondoki pamoja na mvuke. Gramu zile zile 2,100 sasa zimo katika lita 56, yaani gramu 37.5 kwa lita. Baharini badiliko la namna hiyo ni nadra. Katika tangi hutokea mtu akisahau kwa siku chache tu kujaza maji baridi yaliyokenekwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa joto na kwa uchafu. Chakula kinachobaki huoza na kutoa amonia. Bakteria wa mawe na mchanga huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti. Katika mwamba wa bahari naitreti hiyo hutawanywa na mawimbi; katika tangi hukaa ikilimbikizana, ikiwa mbolea inayongoja mlaji.

Mnyama mwenye shamba mwilini

Tumbawe ni mnyama, au kwa usahihi zaidi ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, kila mmoja akiwa na mdomo uliozungukwa na minyiri. Wale wajengao miamba hutengeneza mifupa ya chokaa chini yao. Ndani ya seli za polipu huishi mwani wa seli moja moja, wa rangi ya kahawia ya dhahabu. Katika sentimita moja ya mraba ya tumbawe lenye afya hupatikana seli za mwani milioni moja au zaidi.

Mwani huu hufanya usanidinuru kama mmea wowote. Hupokea hewa ya ukaa na mbolea kutoka kwa mwenyeji wake, huzitumia pamoja na nuru kutengeneza sukari na vyakula vingine, kisha humpa mwenyeji sehemu kubwa ya mazao hayo. Polipu hunasa pia wanyama wadogo wanaopita majini, lakini katika matumbawe mengi ya maji machache chakula kitokacho kwa mwani ndicho kinachogharimia maisha ya kila siku na ujenzi wa mifupa. Hii ndiyo sababu matumbawe yalikuwa yakifa katika matangi ya zamani. Yalipewa chumvi sahihi na joto sahihi, ila yalikuwa yakifa njaa gizani.

Nuru gani, na kiasi gani

Jicho la binadamu ni shahidi mbaya katika jambo hili, kwa kuwa huzoea mwanga hafifu upesi. Sebule iliyowashwa taa usiku, ambayo mtu husoma ndani yake bila shida, aghalabu haifikii luksi 500. Juu ya bahari ya tropiki jua la adhuhuri hutoa luksi 100,000 hivi. Tumbawe lililozaliwa chini ya jua hilo likiwekwa sebuleni ni kama mpunga uliopandwa ndani ya sanduku.

Hata hivyo kiasi peke yake hakitoshi. Rangi ya nuru nayo ina maana. Maji humeza nuru nyekundu mapema. Katika kina cha mita 10 nuru nyekundu iliyobaki ni kidogo mno, ilhali nuru ya buluu katika bahari safi bado ni nyingi. Mwani wa matumbawe umejengwa kwa hali hiyo. Pamoja na klorofili una rangi iitwayo peridinini, ambayo hunasa nuru ya buluu na ya kijani iliyoikaribia buluu. Kwa sababu hii taa za tangi la matumbawe huchaguliwa zile zenye sehemu kubwa ya buluu. Zamani zilitumika taa za mrija na taa za metali halaidi. Siku hizi taa za diodi zimechukua nafasi yao katika matangi mengi, kwa kuwa hutumia umeme kidogo zaidi na nguvu zake zaweza kupunguzwa au kuongezwa kwa urahisi.

Umbali wa taa pia ni wa kupimwa. Kwa taa ndogo iliyo kama nukta, nuru hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali: taa ikiinuliwa kutoka sentimita 20 hadi sentimita 40, nuru inayofika mahali pale pale hubaki robo. Vioo vya tangi na viakisi vya taa hubadili hesabu hii kidogo, lakini kanuni hubaki mwongozo mwema.

Wafugaji wengi wapya, wakiwa na taa dhaifu, hufikiri kwamba wanaweza kufidia kwa kuiwasha usiku na mchana. Sivyo. Kwa kila kiumbe cha usanidinuru kipo kiwango cha nuru ambapo chakula kinachotengenezwa kinalingana na chakula kinachotumiwa katika upumuaji. Nuru ikiwa chini ya kiwango hicho, kila saa ni ya hasara, hata ziwe saa 24. Jambo la namna hii humfaidi mwani wa kawaida wa mawe na vioo, ambao huridhika na nuru kidogo. Taa yenye nguvu ya kutosha, ikiwashwa kwa saa 8 hadi 10 kila siku kwa mpangilio usiobadilika, huleta matokeo mema zaidi.

Na nuru iliyopita kiasi? Hiyo nayo ni hatari. Mwani ukipokea nuru kuliko uwezo wake wa kuitumia, hasa maji yakiwa na joto kupita kawaida, huzalisha aina za oksijeni zenye ukali unaoharibu seli. Polipu hupoteza mwani wake, na mifupa myeupe huonekana kupitia nyama isiyo na rangi. Hali hii huitwa kupauka. Kwa hiyo tumbawe geni huwekwa kwanza mahali penye nuru hafifu, kisha husogezwa au taa huongezwa nguvu kidogo kidogo kwa muda wa majuma matatu au manne.

Wageni wanaokula sahani moja

Sasa yafaa kumrudia yule anemoni wa kahawia. Rangi yake si ya bahati. Aiptasia naye ana mwani ndani ya seli zake, wa jamii ile ile ya mwani wa matumbawe. Taa iliyonunuliwa kwa ajili ya tumbawe inamlisha yeye vile vile. Zaidi ya hayo hunasa mabaki ya chakula cha samaki. Akiguswa hutoa nyuzi nyeupe zilizojaa seli zenye kudunga, na kwa minyiri na nyuzi hizo huwachoma majirani zake mpaka wampishe.

Mharibifu wa pili ajulikanaye sana ni kiumbe bapa wa rangi ya kutu, mwenye urefu wa milimita chache, wa jenasi Convolutriloba. Zamani viumbe hawa walihesabiwa miongoni mwa minyoo bapa. Uchunguzi wa baadaye umewatenga katika kundi lao. Wao pia hubeba mwani mwilini, na mchana hujikusanya mahali penye nuru. Huongezeka kwa kujigawa au kwa kuchipua, hata kufunika matumbawe kama zulia na kuyanyima nuru.

Wa tatu si mmoja bali ni wengi: mwani wa nyuzi za kijani, na utelezi mwekundu ambao kwa kweli ni bakteria wenye kufanya usanidinuru. Hawa ndio walaji wa naitreti na fosfeti zilizolimbikizana.

Hapo mfugaji hushawishika kusema: maadamu wote wanakula nuru, na nizime taa. Dawa hii yaonekana ya akili, lakini Aiptasia huikanusha. Akinyimwa nuru hupoteza mwani wake na kuwa mweupe, walakini akipata vipande vya chakula huendelea kuishi kwa muda mrefu. Tumbawe lililo karibu naye halina ustahimilivu huo, na huenda likatangulia kufa.

Tabia hii inayowaudhi wafugaji ndiyo inayowapendeza wanasayansi. Ni vigumu kuchunguza ushirikiano wa tumbawe na mwani kwa kutumia tumbawe lenyewe, kwani likipokonywa mwani haliishi sana. Aiptasia aweza kupokonywa mwani, akalishwa, kisha akapewa mwani mwingine, na kila hatua ikaangaliwa kwa hadubini. Hukua upesi na hahitaji matunzo makubwa. Kwa hiyo amekuwa mnyama wa maabara, kama panya alivyo katika utafiti wa tiba, na mwaka 2015 ilichapishwa jenomu yake, yaani orodha kamili ya maelekezo yake ya urithi. Mengi yanayojulikana leo kuhusu jinsi mnyama anavyoupokea mwani na jinsi anavyoupoteza yametokana na huyu anayekwanguliwa kwa kisu majumbani.

Sumu na mipaka yake

Katika matangi ya samaki watupu, chumvi za shaba hutumika kuua vimelea. Katika tangi la matumbawe shaba ni maangamizi. Matumbawe, kamba na konokono hudhurika kwa kiasi kidogo sana cha shaba, na shaba iliyokwisha kunywewa na mawe na mchanga yaweza kurudi majini baadaye.

Dawa za kuua bakteria huufuta utelezi mwekundu kwa siku chache, lakini zaweza kuwadhuru bakteria wanaoondoa amonia. Na maadamu mbolea bado imo majini, utelezi hurudi. Wale viumbe bapa wa rangi ya kutu wakiuawa wote kwa siku moja, miili yao hutoa sumu inayoweza kuua samaki. Busara ni kuwafyonza kwa mpira mwembamba kwanza, siku baada ya siku, mpaka wabaki wachache.

Kwa Aiptasia wachache ipo njia ya mkono. Uji mzito wa chokaa iliyozimuliwa huwekwa kwa sindano isiyo kali juu ya mdomo wa mnyama, mashine ya mkondo ikiwa imezimwa. Ukali wa alikali humwua kabla hajajificha. Lakini chokaa hiyo hiyo hupandisha alikali ya maji yote. Katika lita 60 mtu hutibu wanyama wawili au watatu kwa siku, na huvaa miwani na glavu, kwa kuwa chokaa huunguza macho na ngozi.

Kinga ni bora kuliko tiba zote hizi. Waharibifu wengi huingia juu ya mawe au matumbawe mapya. Tumbawe jipya likikaa majuma manne hadi sita katika chombo cha karantini na kukaguliwa kwa kioo cha kukuzia, hasa usiku kwa mwanga hafifu, wageni wengi hugunduliwa mlangoni.

Adui wa adui

Waharibifu wakishakuwa wengi, njia ya uhakika zaidi ni kumtafuta mlaji wao. Kamba wadogo wa jenasi Lysmata, wenye mistari myekundu mwilini, baadhi yao hula Aiptasia. Walakini kamba ni mlaji wa kila kitu. Akishiba chakula cha samaki humwacha anemoni. Akiwa na njaa huweza kudonoa matumbawe. Wapo pia samaki wa jamii ya kipepeo wanaomla Aiptasia, lakini tangi la lita 60 ni kifungo kwa samaki wa namna hiyo.

Mlaji aliye mwaminifu kuliko wote ni konokono wa bahari asiye na kombe, Berghia stephanieae, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2005 kutokana na wanyama wa Florida. Urefu wake ni sentimita chache, na mgongo wake umejaa vidole laini. Hula Aiptasia tu. Seli za kudunga za windo lake hazimdhuru. Jamii yake huzihifadhi nyingine katika vidole vya mgongo na kuzitumia kujilinda. Kila mmoja ni wa kiume na wa kike kwa pamoja, na hutaga mayai kwa utepe uliojizungusha.

Kazi ya Berghia ni ya polepole. Hutembea usiku, na kwa majuma ya kwanza mfugaji huona anemoni wale wale na kudhani amepoteza fedha zake. Kisha wadogo hupungua, wakubwa hufuata. Anemoni wa mwisho akiisha, Berghia naye hufa kwa njaa, ila mfugaji akimpeleka kwa jirani mwenye taabu hiyo. Uhusiano wa mwindaji na windo, ambao vitabu vya shule huuchora kwa mistari miwili inayopanda na kushuka, hapa huonekana kwa macho.

Kwa mwani wa kawaida walaji ni konokono wa mawe. Nao hawataweza kazi ikiwa samaki wanalishwa kupita kiasi. Kanuni iliyoenezwa na Justus von Liebig katika kilimo, kwamba ukuaji wa mmea huwekewa mpaka na kile kilicho haba kuliko vyote, hutumika hapa. Mfugaji hawezi kuifanya nuru iwe haba, kwa kuwa matumbawe yanaitaka. Anachoweza kupunguza ni mbolea: chakula kidogo, na kubadilisha sehemu ya maji kila juma.

Kutoka tangi hadi pwani ya Afrika Mashariki

Yanayotokea katika tangi yamekwisha kutokea kwenye miamba ya Kenya na Tanzania. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida chini ya jua kali, matumbawe mengi ya pwani hii yalipauka na sehemu kubwa ikafa. Kilichoharibika ni ule ule ushirikiano wa mnyama na mwani wake.

Habari ya adui wa adui nayo ipo. Uchunguzi uliofanywa kwenye miamba ya Kenya umeonyesha kwamba mahali palipovuliwa sana kikande, samaki mwenye meno imara, wale wanyama wa miiba ambao ni chakula chake waliongezeka wakaikwangua miamba. Katika maeneo yaliyohifadhiwa, kama vile hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, kikande wengi waliobaki waliendelea kuwapunguza. Hakuna aliyemwaga dawa baharini.

Jambo moja lisisahauliwe. Matumbawe ya baharini si mali ya kuokota. Biashara ya matumbawe magumu baina ya nchi na nchi hudhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa na huhitaji vibali. Wafugaji wengi sasa hubadilishana vipande vilivyokatwa kutoka matumbawe yaliyokua ndani ya matangi. Kipande hupona, hushika jiwe, na kuwa kundi jipya.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na tangi wala umeme yaweza kulionyesha jambo hili kwa chupa tatu nyeupe. Zijazwe maji yale yale ya bwawa. Chupa ya kwanza iwekewe chembe chache za mbolea ya shambani na kuachwa dirishani. Ya pili iwekwe dirishani bila mbolea. Ya tatu iwekewe mbolea kama ya kwanza, kisha ifungwe kwa karatasi nyeusi. Wanafunzi waandike rangi ya maji ya kila chupa, kila baada ya siku mbili, kwa majuma matatu. Chupa ya kwanza yatarajiwa kuwa ya kijani kuliko nyingine.

Kisha mwalimu aulize: ikiwa ndani ya chupa ya kwanza angekuwamo mnyama anayeihitaji nuru ile, ni kitu gani kingepunguzwa ili mwani upungue naye asife? Mwanafunzi atakayejibu kwa sababu, akitumia yale aliyoyaona katika chupa ya pili na ya tatu, atakuwa ameelewa kile ambacho mfugaji mwenye kisu hakukielewa.